Kitheka, Johnson U.

Johnson U. Kitheka ni mwanasayansi Mkenya wa haidrolojia, anayejulikana kwa utafiti wa mito inayomwaga maji pwani ya Kenya. Alifanya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), Mombasa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kitui. Miaka ya 1990 alichunguza mzunguko wa maji ya kupwa na kujaa katika ghuba ya Gazi yenye mikoko.

Kazi yake yenye uzito zaidi, kwa watu wa Lamu hasa, ni ya maji na mashapo (udongo unaobebwa na maji) katika mlango wa Mto Tana, aliyoichapisha pamoja na wenzake mwaka 2005. Visiwa vya Lamu, Manda na Pate havina mto wa kudumu. Mji wa Lamu umetegemea visima vya maji ya mvua yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Lakini Tana huingia baharini karibu na Kipini, kusini-magharibi mwa visiwa hivyo, na wakati wa upepo wa kusi mkondo wa bahari huelekea kaskazini, hivyo unaweza kubeba maji na mashapo ya mto kuelekea visiwani.

Kupima mashapo ni kazi ya subira: maji huchotwa, huchujwa, kisha udongo uliobaki hukaushwa na kupimwa uzito. Mabwawa ya sehemu ya juu ya Tana, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981, hunasa sehemu ya udongo huo. Sehemu nyingine hufika mlangoni, kwa hiyo ukulima wa miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, unakotoka udongo huo, ni suala la mvuvi wa Kipini pia.