Huruma na Mipaka ya Usiri: Unasihi katika Nyumba Salama za Tarime na Serengeti

Kila Desemba inapokaribia, shule zikiwa zimefungwa na baadhi ya koo za Wakurya zikijiandaa kwa msimu wa tohara, mabinti wa Tarime na Serengeti hukimbilia nyumba salama: kituo cha Masanga upande wa Tarime, au nyumba ya Mugumu chini ya shirika la Hope for Girls and Women upande wa Serengeti. Hawakimbii jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Mkoa wa Mara, zilipo wilaya hizi, wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima ni asilimia 8. Mengi yamesemwa kuhusu namna ya kuwaokoa mabinti hawa. Kuhusu mazungumzo yanayofuata, binti anapoketi mbele ya mshauri nasaha na kuombwa aeleze yaliyomkuta, yamesemwa machache. Hoja ya makala haya ni kwamba huruma ya mshauri hupimwa hapo hapo, kwa jambo moja: je, amemweleza binti, kabla hajafungua mdomo, ni nani mwingine atakayeyasikia maneno yake na yanaweza kumfikisha nani wapi?

Swali hilo ni zito kwa sababu ya sheria yenyewe. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinamtia hatiani mwenye dhamana ya msichana aliye chini ya miaka 18 anayemkeketa au kusababisha akeketwe, na kifungo chake ni kati ya miaka 5 na 15. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za kukiukwa kwa haki za mtoto aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Binti anaposema kwamba mama yake ndiye aliyemwita ngariba kwa dada yake, anadhani anatua mzigo. Kumbe ametoa taarifa inayoweza kumpeleka mama huyo gerezani. Mshauri anayemwambia, “Sema tu mwanangu, yataishia hapa,” ana nia njema, lakini ameahidi kitu asichokuwa nacho. Carl Rogers, katika makala yake maarufu ya 1957, alitaja miongoni mwa masharti ya tiba ya mazungumzo kumwelewa mteja kwa undani, kumthamini bila masharti, na ukweli wa mshauri mwenyewe. Mafunzo mengi ya unasihi hushikilia mawili ya kwanza na kuupita huo wa tatu haraka. Mara inatuonyesha kwamba bila ukweli, hayo mawili yanageuka kuwa mtego.

Atakayepinga kwanza ni mtetezi wa watoto. Ukimwonya binti mapema, mtetezi huyo atasema, binti atanyamaza, na mdogo wake aliyebaki nyumbani atakeketwa. Hofu hiyo ni ya haki, na mimi siidharau. Lakini inachanganya ulinzi na unasihi. Kumpokea binti, kumtibu, na kulitaarifu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwamba kuna mtoto mwingine hatarini havihitaji simulizi yote ya maisha yake. Vinahitaji taarifa chache, zinazoulizwa waziwazi na kwa sababu inayotajwa. Zaidi ya hapo, mabinti wa nyumba salama hulala bweni moja. Mmoja akigundua kwamba maneno yake yalitolewa kwa hila, hatakuwa yeye peke yake atakayefunga mdomo.

Pingamizi la pili linatoka katika utamaduni, nalo ni la kuvutia zaidi. Inadaiwa kwamba mipaka ya mshauri na mteja ni adabu ya ofisi za Ulaya; hapa mshauri huitwa mama, na mama hawekeani masharti na mwanawe. Tukubali kwamba ukaribu huo una nguvu. Rhobi Samwelly, mwanzilishi wa Hope for Girls and Women, amesimulia hadharani kwamba yeye mwenyewe alikeketwa akiwa binti na nusura afe, na ni wazi ushuhuda wa namna hiyo hufungua mioyo ambayo cheti hakiwezi kuifungua. Hata hivyo, kidonda kinachofanana si kidonda kile kile, na aliyepitia jambo anahitaji usimamizi wa kitaaluma ili asisikie hadithi yake ndani ya hadithi ya mwenzake. Kuhusu umama wenyewe, hoja hiyo haijui mila inayoitetea. Kwa Wakurya, kama kwa jirani zao wengi, mambo ya mwili wa binti hayakuwa mazungumzo ya binti na mama yake. Yalikuwa na wasemaji wake, hasa bibi, na kila mmoja alijua lipi linasemwa kwa nani. Mipaka ya usemi ilikuwapo Mara kabla ya chuo chochote cha ustawi wa jamii kufunguliwa.

Jaribio gumu zaidi huja kwenye usuluhishi. Wazazi huitwa, afisa ustawi wa jamii huwapo, pengine na polisi, karatasi ya ahadi ya kutomkeketa binti husainiwa, naye hurudi nyumbani. Wengine hukataa kurudi. Kumrejesha mtoto kwao ni jambo jema likiwa salama, na Sheria ya Mtoto inamtambulia mtoto haki ya kutoa maoni. Ila mshauri aliyesikia siri za binti akiketi hapo kama msuluhishi, kila swali analomuuliza baba linabeba alichoambiwa faraghani. Baba mwerevu atakitambua chanzo chake, na binti ndiye atakayeishi naye chini ya paa moja. Kwa hiyo kazi hizo mbili zigawiwe watu wawili. Pale watumishi wasipotosha, binti aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba anayemsikiliza leo ndiye atakayeketi na wazazi wake kesho, kisha aachwe aamue mwenyewe kiasi cha kusema. Nyumba salama isiyoandika sharti hilo katika taratibu zake inamhifadhi binti mwili tu.