Uhuru Angani: Setilaiti Iliyorushwa Ngomeni

Setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei zinazotoka angani ilirushwa kutoka Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa niaba ya NASA, akaipa setilaiti jina la Uhuru kama shukrani kwa wenyeji.

Kituo chenyewe kilikuwa cha Waitaliano, matunda ya juhudi za Profesa Luigi Broglio wa Roma. Baharini, mbele ya kijiji cha Ngomeni, yalisimamishwa majukwaa mawili ya chuma: San Marco la kurushia roketi, na Santa Rita la kuongozea kazi, ambalo awali lilitumika kuchimba mafuta. Mahali hapo, karibu na ikweta, palichaguliwa kwa hesabu. Kwenye ikweta uso wa dunia huenda kasi ya kilometa zipatazo 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Tena upande huo ni bahari tupu. Ngazi za roketi zikidondoka, haziangukii paa la mtu. Setilaiti San Marco 2 ilitangulia kurushwa hapo Aprili 1967.

Roketi iliyobeba Uhuru ilikuwa Scout, chombo chembamba cha ngazi nne zinazotumia fueli ngumu. Fueli ya aina hiyo ikishawashwa haizimiki, na kila ngazi lazima iwake kwa zamu yake. Ndiyo maana shangwe za uzinduzi huja kwa awamu: moto na ngurumo humalizika upesi, roketi hupotea machoni, kisha watu hubaki wakisubiri habari. Na hata setilaiti ikishafika kwenye njia yake, hakuna ajuaye kama vyombo vilivyomo vimesalimika na mtikisiko.

Mwanafizikia Riccardo Giacconi, aliyeongoza kikundi kilichounda vyombo hivyo, hakuwa na subira hiyo. Yeye na Townsend walipanda mashua ya mpira wakarudi kambini pwani, na setilaiti ilipopita juu yao wakaviwasha kabla ya wakati uliopangwa. Vilifanya kazi. Wakavizima tena. Ushindi wa siku ile ulikuwa zaidi katika ishara hiyo fupi kuliko katika moshi wa roketi.

Hamu yao inaeleweka. Eksirei hazipenyi angahewa, na hadi wakati huo wataalamu walitegemea roketi ndogo zilizochungulia anga kwa dakika chache tu kabla ya kuanguka. Mwaka 1962 Giacconi mwenyewe na wenzake waligundua chanzo cha eksirei Scorpius X-1 kwa njia hiyo. Uhuru ilichunguza anga kwa zaidi ya miaka miwili, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Takwimu zake kuhusu Cygnus X-1 zilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba shimo jeusi si jambo la kwenye karatasi peke yake. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002; setilaiti yenyewe ilikuwa imekwisha kuanguka na kuungua angani mwaka 1979.

Kwa jumla setilaiti tisa zilipelekwa angani kutoka Ungwana, ikiwemo Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974. Ya mwisho ilirushwa Machi 1988. Tangu hapo kituo cha Malindi kimebaki na kazi ya kufuatilia setilaiti na kupokea takwimu zake.

Kenya ilipopata setilaiti yake ya kuchunguza ardhi, Taifa-1, uzinduzi uliahirishwa mara kadhaa hadi tarehe 15 Aprili 2023, saa 3:48 asubuhi kwa saa za Nairobi. Wakenya waliutazama kwenye skrini: roketi iliondokea Vandenberg, California.