Dereva wa lori mpakani: anayeaminiwa ni kampuni au ni wewe?



Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu hapa Kihonda, kapata leseni yake ya daraja E na bado anainusa harufu ya upya, kaniuliza: "Braza, eti kuna kampuni zinaaminika na forodha, lori linapita mpakani bila kukaguliwa? Nikiingia huko si nitakuwa natambaa tu?" Nilicheka. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, miaka mitatu niliyokaa utingo, niliamini hivyohivyo. Kwa hiyo leo naandika yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijapanda gari la watu.

Tuanze na hiyo "kampuni inayoaminika". Ipo kweli, si hadithi za kijiweni. Mwaka 2005 Shirika la Forodha Duniani lilipitisha mwongozo wa usalama wa mizigo, na ndani yake kuna utaratibu unaoitwa AEO. Forodha inaichunguza kampuni: inalipa kodi vizuri? Hesabu zake zinaeleweka? Ina historia ya magendo? Yadi yake ina ulinzi? Ikifaulu inapewa cheti, na mizigo yake inakaguliwa mara chache zaidi na kupewa kipaumbele kwenye foleni. TRA wanao utaratibu huo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wa kwake wa kikanda, ili kampuni iliyokubaliwa nchi moja itambulike na nchi nyingine wanachama.

Sasa soma tena hapo juu. Umeona neno dereva? Mimi pia sikuliona. Cheti ni cha mwagizaji, msafirishaji, wakala wa forodha au mwenye ghala. Wewe unayeshika usukani unaingia kama sehemu ya kampuni, kama tairi la akiba vile.

Wenzetu wa Marekani na Kanada walifanya tofauti kidogo. Baada ya Septemba 11, 2001 walianzisha mpango unaoitwa FAST, na humo dereva ana kadi yake mwenyewe. Anaomba yeye, anachukuliwa alama za vidole, anahojiwa, wanamchunguza kama ana kesi za jinai, akipita anapewa kadi ya miaka 5. Lakini hata huko kadi peke yake haikupitishi kwenye njia ya haraka: lazima na kampuni ya lori iwe imekubaliwa, na mwagizaji wa mzigo pia. Mmoja akikosekana mnarudi foleni ya kawaida wote. Na akikosea mpakani ananyang'anywa. Ila kitu kimoja nakipenda: dereva akihama kampuni, anahama na kadi yake mfukoni. Uaminifu ni mali yake. Huku kwetu ukiacha kazi unaondoka na begi lako na godoro.

Haya, turudi nyumbani. Kwa wasioifahamu Moro: malori ya Dar yanafika Msamvu, pale njia inagawanyika. Ya Zambia, Malawi na Kongo ya Lubumbashi yanaendelea Mikumi, Iringa, Mbeya hadi Tunduma. Ya Rwanda, Burundi na Uganda yanachukua barabara ya Dodoma, ambayo ndiyo inapita huku kwetu Kihonda. Shika hiyo jiografia, itakuja kukusaidia mbele.

Mzigo wa Rwanda, Burundi au Uganda siku hizi uko chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza 2014. Maana yake kodi zinamalizwa kabla gari halijatoka bandarini Dar, mpakani wanahakiki tu. Mzigo wa Zambia ni transiti ya kawaida: kodi ya Tanzania hailipwi, badala yake kuna dhamana, na mzigo ukipotea njiani dhamana inaliwa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 na kanuni zake zinataka mzigo wa transiti utoke nchini ndani ya siku 30, gari liwe na leseni ya transiti, lipite njia iliyoidhinishwa, na sili isiguswe. Yale maandishi ya TRANSIT GOODS unayoyaona ubavuni mwa malori si urembo. Ni sheria.

Mpakani penyewe mambo yamebadilika. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ndiyo ilikuwa ya kwanza Afrika kuwa kituo cha pamoja, mwaka 2009. Kwetu zikafuata Holili, Rusumo, Mutukula, Namanga, na Tunduma ikazinduliwa Oktoba 2019. Mgeni huwa anachanganyikiwa hapa: kwenye kituo cha pamoja husimami upande unaotoka, unasimama upande unaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Ukienda Zambia shughuli zako ziko Nakonde. Ukirudi, ziko Tunduma. (Foleni ya kufika hapo ni habari nyingine, na siku ya foleni ndefu hakuna cheti kitakachokupaisha juu ya malori yaliyoziba barabara mbele yako.)

Makaratasi yako wewe kama wewe: leseni, pasipoti, na kadi za njano. Nimesema KADI, kwa wingi, na hapa ndipo vijana wengi wanaumbuka. Kuna kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari kwa madhara utakayomsababishia mtu mwingine ukiwa nje. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa bima hiyo ilibaki, kwa hiyo inakatwa hapa hapa nchini. Halafu kuna kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo ni ya mwili wako. Nimeona kwa macho yangu mtu anamkabidhi ofisa wa afya bima ya gari, amejiamini kabisa. Tena jua hili: tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabika ya maisha yote. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 haijaisha. Atakayekwambia ulipe uchanjwe upya kwa sababu tarehe imepita, mwulize kwa heshima kanuni ya afya ya kimataifa inasemaje.

Kuhusu pasipoti, usidanganywe na habari za kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Utaratibu huo ulianza 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Sisi hatukuingia.

Sasa kisa chenyewe. Gari letu lilikuwa na kontena la Zambia, na sili ya kielektroniki, ile inayotuma mahali ulipo muda wote. Tumefika Msamvu usiku, simu ikalia: mtoto wa dereva wangu kalazwa na pesa za dawa nyumbani hazipo. Mzee hakuwaza mara mbili, akakata kulia barabara ya Dodoma, tukaja Kihonda. Kilomita chache tu! Kaegesha, kaingia ndani kutoa hela. Hata maji hajamaliza kunywa, bosi kapiga: "Uko wapi wewe?" Kwenye kompyuta za watu gari la Tunduma lilikuwa limeonekana njia ya Dodoma. Tulirudi barabarani, tukaenda, tukashusha. Sili nzima, mzigo mzima, hakuna hata karatasi iliyopungua. Tuliporudi Dar mzee akaambiwa aache funguo. Kampuni ilijieleza kwa forodha kwamba dereva amekiuka taratibu na imeshamwondoa, ikaendelea na kazi zake. Mzee hakuwa na mkataba wa maandishi, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda kudai. Leo anaendesha tipa la mchanga hapa hapa mjini. Mtoto alipona, namshukuru Mungu kwa hilo.

Na kilichoniuma kuliko vyote, dawa yake ilikuwa nauli ya bodaboda. Ungeegesha Msamvu kwenye njia yako, ukapiga simu kwa bosi na wakala useme "nasimama hapa kwa dharura hii", ukamwacha utingo na gari, ukaja Kihonda kwa pikipiki. Sili inapiga kelele ukiacha njia au ukisimama kwa muda usioeleweka, na kusimama kunaelezeka ikiwa ulitoa taarifa mapema. Kuacha njia ni ngumu sana kuelezea, hata ukiwa na sababu ya machozi.

Habari ya mizani niipitie haraka. Tangu Machi 2019 Tanzania inatumia sheria ya uzito ya Afrika Mashariki: mwisho tani 56 kwa gari na mzigo, na kila ekseli ina kiwango chake. Tatizo la transiti ni kwamba mzigo ukilalia upande mmoja huwezi kufungua kontena ukaupanga upya mwenyewe, kwa sababu kuna sili. Kwa hiyo pima kabla hujatoka Dar, na karatasi ya mizani itunze hadi safari iishe.

Dereva kutambuliwa yeye mwenyewe, kwa jina lake, kulikuja kwetu mara moja tu ninayoikumbuka, tena kwa shari. Mei 2020, wakati wa korona, Rwanda ilitaka madereva wabadilishane pale Rusumo, mwenzako aendelee na gari lako. Madereva wakagoma, gari zikajaa, hadi serikali zikakaa mezani. Mwaka huohuo Jumuiya ikaleta mfumo wa simu wa kufuatilia mizigo na madereva: ulikuwa unapimwa, unapewa cheti cha kielektroniki, na nchi zilizotumia mfumo zilikitambua bila kukupima tena. Yaani iliwezekana! Kirusi kiliweza kumfanya dereva awe na cheti chake kinachovuka mpaka, rekodi ya miaka 15 bila ajali wala magendo haijaweza.

Kwa hiyo dogo, ukiitwa kwenye kampuni yenye cheti, nenda, ni kampuni nzuri kuliko za vichochoroni. Lakini kabla hujashika funguo uliza mkataba wa maandishi. Madereva waligoma nchi nzima Aprili 2015, na mkataba ulikuwa mmoja wa madai yao. Uliza nani analipa faini ya mizani. Uliza namba ya kupiga ukipata dharura usiku, na piga picha sili kabla ya kuondoka, kila kituo, na ukifika. Abiria wa barabarani usibebe, hata kama ni shemeji yako. Wale jamaa wa magari ya IT wanaojaza watu Msamvu wanajua wanachokifanya, na wanajua wanavyokamatwa. Kifurushi cha "nifikishie tu kwa ndugu yangu Nakonde" usipokee kama hujakiona kilichomo. Magendo yakikutwa kwenye lori, lori lenyewe linaweza kutaifishwa, na hapo cheti cha kampuni kinaondoka pamoja na wewe.

Wenye uzoefu wa Kasumbalesa mtuongezee, mimi safari zangu ziliishia Ndola.