Mlinzi wa Usingizi

Katika lugha yetu liko neno moja linalostahili kufikiriwa: nusukaputi. Husemwa kwamba limeungwa na nusu yetu sisi na neno la Kijerumani lenye maana ya kuharibika kabisa. Basi aliyepewa dawa hiyo ni kama mtu aliyekufa nusu: haoni, hasikii, wala hahisi kisu cha daktari. Swali la kujiuliza ni hili: nusu yake iliyo hai huachwa mikononi mwa nani?

Hapo kale mgonjwa aliyepasuliwa alishikwa na watu wenye nguvu, au alileweshwa. Hata mwaka 1879, huko Bunyoro, mgeni Robert Felkin alimshuhudia mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe, naye alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi kwanza. Lakini tarehe 16 Oktoba, 1846, katika mji wa Boston, Marekani, William Morton alikwisha kumvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, naye akapasuliwa pasipo kulia. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu. Watu walishangilia, wakadhani maumivu yameshindwa.

Furaha hiyo haikukaa. Mwezi wa Januari, 1848, huko Uingereza, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Baada ya dakika chache alikuwa amekufa. Fikiri, msomaji: msichana wa umri kama wako, na ugonjwa wenyewe ukucha! Ndipo ilipojulikana kwamba kumlaza mtu ni rahisi kuliko kumwamsha. Daktari John Snow wa London alishika kazi ya kuipima dawa badala ya kuikisia. Aliona pia kwamba watoto hulala upesi na kuamka upesi kuliko wakubwa, kwa kuwa pumzi zao huenda mbio.

Hapo ndipo lilipoanza fundisho ambalo madaktari walichukua miaka mingi kulikamilisha: mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ulimi wake ni mkubwa kwa kinywa chake, njia ya pumzi ni nyembamba, mwili hupoteza joto haraka, na ukilinganisha uzito kwa uzito, mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima. Dawa yake hupimwa kwa kilo. Mwaka 1937 Philip Ayre, na baadaye Jackson Rees mwaka 1950, walitengeneza mipira myepesi ya kupumulia iliyofaa vifua vidogo. Katika miaka ya 1960 ikavumbuliwa ketamini, dawa ambayo kwa kawaida humwacha mgonjwa apumue mwenyewe, na huweza kuchomwa sindano hata pasipo mashine kubwa. Tena katika miaka ya 1970 Takuo Aoyagi wa Japani akaonyesha njia ya kupima oksijeni ya damu kwa kumulika mwili tu. Leo kifaa hicho hubanwa kidoleni.

Sasa turudi nyumbani. Tuseme mtoto wa miaka 3 hapa Masara ameungua kwa uji wa moto. Zahanati itamfunga kidonda, lakini haina chumba cha upasuaji. Atapelekwa hospitali ya Migori au ya Homa Bay, ambazo tangu mwaka 2013 zimo chini ya serikali za kaunti. Huko, mara nyingi, atakayemlaza si daktari bingwa, bali ni afisa wa kliniki au muuguzi aliyeongeza masomo ya nusukaputi. Mabingwa wengi wamo katika miji mikubwa. Ikiwa ni mtoto mchanga mwenye shida nzito, itampasa asafirishwe Kisumu kwa njia ya Rongo, Kisii na Oyugis, au Nairobi, au Eldoret; na katika safari hiyo baridi na kukosa pumzi ni maadui wanaosafiri naye.

Waona basi kwamba dawa zilitufikia zamani, lakini walinzi ndio wachache. Mwaka 2015 tume ya wataalamu wa dunia ilishauri kila watu 100,000 wawe na mabingwa 20 wa upasuaji, wa uzazi na wa nusukaputi kwa jumla. Kenya bado haijafika hapo. Mashine hununuliwa kwa siku moja. Mlinzi husomeshwa kwa miaka.

Nawe usidhani huna sehemu. Ukiambiwa ndugu yako asile chakula kwa saa 6 kabla ya kulazwa, au mchanga asinyonye kwa saa 4, usimwonee huruma ukampa kipande cha mkate kwa siri: chakula hicho huweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa hajitambui. Na ukiwa unapenda kemia na elimu ya viumbe, iko kazi inayokungoja. Mtenda kazi huyo huketi kichwani pa mtoto tangu afumbe macho hadi ayafumbue, akihesabu pumzi. Mtoto hatamkumbuka, na wazazi huenda wasilijue jina lake.