Mahal: Mzimu Ulioingia kwa Sikio

Mwaka 1949, studio moja ya Bombay, binti wa miaka karibu 20 aliambiwa asimame kwenye kona ya chumba, mbali na maikrofoni, aanze kuimba huku akiisogelea polepole. Wimbo ulitakiwa usikike kama unatoka mbali, na kazi hiyo ikafanywa na miguu yake. Binti huyo alikuwa Lata Mangeshkar. Filamu yenyewe ni Mahal ya Kamal Amrohi, na filamu nyingi za mizimu za Kihindi zilizokuja baadaye ni uzao wake.

Kijana Shankar, aliyeigizwa na Ashok Kumar, anahamia kwenye jumba kubwa lililoachwa. Mtunza bustani anamsimulia habari za mwenye jumba aliyezama na mashua yake usiku, na za mpenzi wake Kamini aliyekuwa akimsubiri. Shankar anaikuta picha ya marehemu: sura ni yake mwenyewe! Kisha sauti inaanza kusikika, na huko bustanini mwanamke anabembea kwenye pembea. Madhubala alikuwa na miaka 16 tu alipoigiza. Hakuna damu, hakuna meno marefu; kuna vivuli vya mpiga picha Mjerumani, Josef Wirsching, na ile sauti.

Sahani ya santuri ilipotoka, iliandikwa kwamba mwimbaji ni Kamini, yaani mhusika wa filamu. Wasikilizaji wa redio wakaandika barua kuuliza ni nani hasa anayeimba.

Hofu inayoingia kwa sikio haimdai mtu ajue Kihindi. Na filamu za Bombay kwa jumla zilijaza watu Zanzibar, kwenye Majestic iliyojengwa upya mwaka 1955, na pia Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha. Watazamaji Waswahili walitoka wakiimba nyimbo za filamu hizo. Bimal Roy, aliyehariri Mahal, aliongoza mwenyewe Madhumati mwaka 1958, nayo ya mzimu, ikazoa tuzo 9 za Filmfare.

Kutoka Masieda, huko Mbulu kwa Wairaqw, hadi majumba ya sinema ya Arusha ilikuwa safari ndefu, lakini kisa cha Mahal kisingekuwa kigeni huko. Wairaqw wanajua habari za netlaame, pepo wa chemchemi na mito. Mzee wa Mbulu akiambiwa kwamba maji yamemchukua mtu na jumba lake halikaliki, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Majumba ya sinema yalipodhoofika, hadithi hizi zilihamia kwenye kanda za video. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi akatengeneza Nsyuka, filamu ya kutisha ya Kiswahili, iliyopewa jina kutoka kwa Wanyakyusa. Filamu za namna hiyo ziliangaliwa sebuleni na kwenye vibanda umiza, watu wamebanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja, spika imefunguliwa mpaka mwisho.