Nembo katika Mwambao wa Rumonge: Historia ya Haki Inayoandikishwa

Rumonge, mji ulio kusini mwa Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, unajulikana kwa mawese na dagaa. Aghalabu bidhaa hizo husafiri katika madumu na magunia yasiyo na jina la mzalishaji, ilhali bia na sabuni za viwandani huingia mjini zikiwa na nembo. Tofauti hiyo ina historia ya kisheria.

Mwaka 1888 Dola Huru ya Kongo ilitoa amri kuhusu alama za biashara. Mwaka 1925 Ubelgiji iliunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na ule wa Kongo, na mwaka 1955 kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa Bujumbura. Baada ya uhuru wa 1962, Burundi ilitunga sheria yake Agosti 1964. Chini ya sheria hiyo, alama iliyokwisha kuandikishwa haikuwa na ukomo. Aliyetangulia kuandikisha alitangulia daima, na waliotangulia zaidi walikuwa wenye kampuni.

Sheria ya tarehe 28 Julai 2009 ilibadili jambo hilo. Sasa alama hulindwa kwa miaka 10, kisha huhuishwa. Anayebandika nembo ya mwingine bila idhini kwenye bidhaa ya aina ileile, au nembo inayofanana nayo hata mnunuzi akachanganyikiwa, anaweza kushtakiwa. Kosa liko katika kumdanganya mnunuzi kuhusu asili ya bidhaa. Mwenye baa anayetaja ukutani bia anayoiuza kweli hajamdanganya mtu.

Mara nyingi sheria hii husomwa kama ngao ya viwanda vikubwa dhidi ya waigaji wadogo. Mwambao wa Rumonge unatuonyesha upande wa pili. Mtengenezaji mdogo wa sabuni ya mawese anaweza kusifiwa sokoni miaka mingi, lakini sifa pekee si hati. Mwingine akiwahi kuandikisha jina lile, mwenye sifa ndiye atakayelazimika kujitetea. Tena, hati ya Burundi haivuki ziwa: Kigoma na Uvira zina sheria za nchi zao.

Kwa hiyo swali la kihistoria si nani aliiga nembo ya nani tu, bali pia nani aliijua njia ya ofisi ya usajili. Kwa muda mrefu njia hiyo haikuanzia Rumonge.