Tupa Nyuma ya Mashine: Ukaguzi wa Rivolva ya Baruti Nyeusi kama Ushahidi wa Kihistoria

Historia ya viwanda vya karne ya 19 humtaja Samuel Colt wa Marekani kuwa miongoni mwa waliomwondoa fundi wa mkono na kuiweka mashine mahali pake. Insha hii inashikilia kwamba maelezo hayo ni ya kweli kwa sehemu tu, na kwamba ushahidi wa kuyasahihisha haumo katika nyaraka peke yake. Umo pia ndani ya silaha zenyewe, zikiwemo nakala zinazotengenezwa leo.

Rivolva aina ya Colt 1851 Navy ilikuwa na silinda ya matundu sita na kipenyo cha inchi 0.36. Kama lilivyo gobore, haikutumia risasi zenye ganda: kila tundu lilitiwa baruti na risasi kwa upande wa mbele, kisha fataki ikavishwa nyuma yake. Mwaka 1851 Colt alizionyesha bastola zake katika Maonyesho Makuu ya London, na mwaka 1853 akafungua kiwanda jijini humo. Mwaka 1854 alihojiwa na kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu silaha ndogo, akautetea uzalishaji wa mashine. Sifa ikaenea kwamba kipuri chochote kingeweza kuingia katika bastola yoyote.

Bastola zilizosalia zinasema vingine. Mtutu, kiunzi, silinda, hata kabari ndogo inayoushika mtutu, vimegongwa namba ileile. Sababu ni utaratibu wa kiwandani: vipuri vilipotoka kwenye mashine vikiwa bado laini, mafundi walivilinganisha kwa tupa, wakavigonga namba, wakavitenganisha ili vitiwe ugumu kwa moto, kisha wakaviunganisha tena. Lau vipuri vingalikuwa sawa kabisa, kusingalikuwa na haja ya kukirudisha kila kimoja kwa wenzake.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, maadhimisho ya miaka 100 ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani yalipokaribia, mfanyabiashara Val Forgett alishirikiana na mafundi wa Gardone Val Trompia, kaskazini mwa Italia, akiwemo Aldo Uberti, kuitengeneza upya Colt ya 1851. Bonde hilo lilikuwa limefua silaha kwa karne nyingi. Nakala zake hujaribiwa katika kituo cha taifa cha upimaji na kugongwa alama ya PN, yaani baruti nyeusi. Alama hiyo huthibitisha kwamba chuma kinahimili shinikizo. Haithibitishi kwamba vipuri vimelingana.

Kazi hiyo iliyobaki humwangukia mnunuzi. Kwanza hukagua mhimili wa silinda. Katika nakala nyingi za muundo huu, ncha ya mhimili haifiki mwisho wa tundu lake chini ya mtutu. Kabari ikigongwa kwa nguvu, mtutu huvutwa nyuma na silinda hubanwa. Dawa yake ni kipande cha chuma kinachoijaza nafasi hiyo. Pili, huupandisha mtambo polepole, akitazama kama kizuizi kinaingia katika mkato wa silinda kabla mtambo haujafika mwisho. Kisipoingia, tundu halielekeani na mtutu; risasi huchubuka ukingoni, na vipande vyake huweza kuruka pembeni na kumjeruhi aliye jirani. Kidole kinachoizungusha silinda kikiwa kirefu mno hupunguzwa kwa tupa, kidogo kidogo. Kikiwa kifupi hubadilishwa, kwani chuma kilichoondolewa hakirudi.

Kwa hiyo, anachofanya mnunuzi mezani pake ni kazi ileile iliyofanywa na mafundi wa Hartford. Tofauti ni kwamba wao walilipwa ujira, na kazi yao ilikuwa ndani ya bei ya bastola. Leo sehemu ya kazi hiyo imehamishiwa kwa anayenunua. Mashine haikuifuta tupa, bali iliisogeza mbali na macho. Mwanahistoria anayehesabu mashine pekee huwapoteza watu hao. Juu ya mtutu liligongwa jina la Colt; waliozilinganisha bastola zake walibaki ndani ya namba.